Mimi na Mawingu ya Fukayosi

Jumapili, 20 Februari 1949

Kaka Msabaha ndiye aliyenipa daftari hili. Alilileta kutoka forodhani Bagamoyo anakofanya kazi ya ukarani, akaniambia, "Dresa kasema uandike. Kila siku mbingu zilivyokuwa, na wewe ulivyokuwa." Huyo dresa ni mganga msaidizi wa hospitalini, nilipelekwa kwake mwezi uliopita. Alinishika mapigo, akanitazama macho, akaniuliza kama naota ndoto mbaya. Mwisho akasema dawa hana, ila nikiandika huenda nikaliona jambo lenyewe kuwa dogo.

Jambo lenyewe ni kwamba naogopa mawingu.

Watu wakisikia hivyo husema, "Ah, hata mimi radi siipendi," nami hunyamaza kwa kuchoka kueleza. Si radi, wala si ngurumo. Ni wingu, lile zito la masika linalopanda polepole na kutanda mpaka huoni ukingo wake. Mwanga ukishageuka rangi ya jivu mikono yangu hufa, pumzi hukatika, na hapo hujua, kama ninavyojua jina langu, kwamba mbingu zinashuka na zinanifuata mimi. Mvua ikinyesha haisaidii, kwa kuwa wingu bado liko juu.

Sijui lilianzia wapi. Marehemu mama alisema tangu natambaa. Kwetu Bagamoyo nyumba ilikuwa ya mawe, na ndani kulikuwa na chumba kisicho na dirisha. Masika yote nilikaa humo nikishona kofia kwa taa, na wa nyumbani walishazoea. Hapa Fukayosi nyumba ni ya udongo na makuti, mwanga unapenya kila mahali. Mwinshehe alinioa kiangazi. Ni mkulima wa mpunga. Masika ya mwaka jana ndipo alipojua kaoa nini.

Anga leo safi.

Jumatatu, 21 Februari

Anga safi. Nimefua, nimetwanga, nimepumua.

Ijumaa, 25 Februari

Mwinshehe amekaa nyumbani siku nzima badala ya kwenda kufyeka. Amekata fito, akazilaza kama dari juu ya kitanda chetu, kutoka ukuta hadi ukuta, akatandika mikeka mitatu, mmoja juu ya mwingine. Alipomaliza aliniita nilale chini yake nitazame.

"Unaona mwanga?"

"Sioni."

"Basi hicho ndicho chumba chako cha Bagamoyo," akasema. Vumbi la makuti lilikuwa limemjaa nywele kama mvi. Nilimpangusa kwa upindo wa kanga. Naandika hili ili nisilisahau.

Jumamosi, 5 Machi

Limekuja la kwanza.

Nilikuwa kisimani na Zuleha, jirani yangu, shoga wangu pekee huku. Tulikuwa tukicheka habari za mumewe anayekoroma mpaka mbuzi wanaamka. Kabla sijainua macho niliona maji ndani ya ndoo yamebadilika, yamekuwa meusi. Sikumbuki ndoo niliiachaje. Nakumbuka nakimbia, kanga imedondoka, ulimi una ladha ya chuma. Niliingia uvunguni nikajiviringisha mkeka, nikaanza, "Pita. Pita. Pita." Ndilo neno langu tangu utotoni. Si dua wala si uganga. Mtu akibanwa kidole na mlango atasema "aa", basi ni vivyo hivyo.

Wingu likaenda zake bila kudondosha tone. Nikasikia watu nje wakiambiana, "Limepita," kwa masikitiko. Nami uvunguni nikasema, "Limepita," nikimshukuru Mungu.

Zuleha aliniletea ndoo na kanga. Hakuuliza kitu.

Jumapili, 6 Machi

Jingine. Limepita. Viungo vinauma kama niliyelima.

Jumamosi, 12 Machi

Mavyaa ni mtu mgumu. Jina lake Bi Mwanamvua, na tangu niingie nyumba hii sijamwona akicheka. Nilidhani ananichukia kwa sababu mwanawe angeweza kuoa mwanamke wa kushika jembe masika, naye kaoa wa kukaa uvunguni. Leo tulikuwa tukichambua kisamvu uani, akasema bila kunitazama:

"Mimi naogopa paka."

"Paka, Mama?"

"Paka. Hata kile kitoto kisichofumbua macho. Marehemu baba mkweo akirudi shamba kazi yake ya kwanza ilikuwa kukagua nyumba kama hakuna paka, ndipo naingia. Miaka yote hiyo hatukwenda kwa dresa."

Akaendelea kuchambua. Nilikuwa nataka kumshukuru, akanikatiza.

"Ila paka, mkwe wangu, hakuna anayemngoja ndipo apate kula. Wewe unaloliogopa ndilo wenzio wanaloliomba. Chunga ulimi wako nje."

Alhamisi, 17 Machi

Wamepanda mpunga kwenye vumbi. Kwa kawaida husubiri ardhi ilowe, mwaka huu wameogopa kuchelewa. Mwinshehe karudi miguu imepasuka. Anga safi.

Ijumaa, 18 Machi

Safi.

Jumanne, 22 Machi

Wingu asubuhi, limepita. Wingu alasiri, limepita. Sijapika. Mavyaa kapika.

Ijumaa, 25 Machi

Mbegu bondeni zimeliwa na mchwa na ndege. Waliobakiza kidogo ghalani wanapanda upya. Baada ya sala ya Ijumaa, Mwalimu Mrisho, imamu wetu, ametangaza kwamba Jumatatu kijiji kizima kitatoka kwenda uwanjani kuomba mvua. Wanawake pia.

Nimemwambia Mwinshehe siwezi. Akasema, "Usipoonekana watauliza." Ni kweli. Jua ni kali siku hizi, huenda likawa hivyo mpaka Jumatatu.

Jumatatu, 28 Machi

Nilikwenda.

Tulisimama nyuma ya wanaume, wanawake safu tatu, mimi kati ya mavyaa na Zuleha. Mbele wanaume walikuwa wamegeuza kanzu zao, ndani nje, kama ilivyo sunna ya kuomba mvua. Mwalimu Mrisho aliinua mikono juu sana mpaka makwapa yakaonekana, akaomba kwa sauti ya kulia. Akataja watoto wachanga, akataja mifugo, wazee. Watu wakaitikia amin. Nami niliitikia, na moyo wangu ulikuwa mweupe, Mungu shahidi. Nilifikiria miguu ya Mwinshehe iliyopasuka. Nilitaka mvua. Naiandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuisema: nilitaka mvua inyeshe.

Halafu upepo wa baridi ukanigusa shingoni. Sikutazama juu. Niliona vivuli vyetu vikififia mchangani kimoja kimoja, hadi changu. Watu wakaanza kunong'ona kwa furaha, mama mmoja akatoa kigelegele, akanyamazishwa. Mavyaa alinishika kiwiko akabana kwa nguvu. Nilivumilia kadiri nilivyoweza. Nilipiga magoti kama anayesujudu, nikafunika kichwa, na midomo ikaanza yenyewe. Pita. Pita. Pita.

Sijui nilisema kwa sauti gani. Nilipoinua uso jua lilikuwa linawaka na watu wako kimya kabisa. Wingu lilikuwa limekatika vipande, linakwenda zake upande wa Ubena. Zuleha alikuwa ananitazama, macho yameganda kama mtu aliyemkuta nyoka kitandani.

"Ulikuwa ukisema nini?" akaniuliza.

Mavyaa alinijibia: "Alikuwa akisoma."

"Mimi nimesikia," akasema Zuleha. Akachukua mtoto wake akaenda kusimama safu nyingine.

Jumanne, 29 Machi

Anga safi. Zuleha hakuja kuchukua moto.

Jumatatu, 4 Aprili

Kisimani wamenipisha. Zamani tulikuwa tukisukumana kwa mzaha. Leo nilipofika waliokuwa wakichota waliondoa kamba zao, wakasogea pembeni, wakaniacha nichote peke yangu. Nikasalimu, wakaitikia vizuri. Hakuna aliyenikosea adabu, na nadhani hilo ndilo lililonitisha.

Jumamosi, 9 Aprili

Mwinshehe alimwita Mwalimu Mrisho aje anisomee. Kaandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kaisuuza, nikanywa. Aliniuliza mengi kwa upole, kisha akamwambia mume wangu mbele yangu, "Huyu hana jini. Huyu ana hofu. Na mvua haifungwi na mtu, hunyesha kwa amri ya Mola. Atakayesema vinginevyo mlete kwangu."

Nilijisikia kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alipoondoka nilimwambia Mwinshehe, "Umesikia?"

"Nimesikia," akasema. Lakini alikuwa akitazama nje mlangoni, juu.

Jumapili, 10 Aprili

Limepita.

Jumatano, 13 Aprili

Limepita.

Jumamosi, 16 Aprili

Tunakula muhogo mchungu unaolowekwa siku nyingi. Mtoto wa mwisho wa Zuleha anaharisha. Nilipeleka uji wa mtama uliokuwa umebaki, Zuleha akaupokea mlangoni, akasema ahsante. Baadaye mavyaa aliuona umemwagwa nyuma ya jiko lao, na njaa yote hii.

Leo jioni wingu lilikuja kubwa kuliko yote. Nilikuwa chini ya mikeka mitatu na bado nililijua. Lilisimama juu ya kijiji muda mrefu. Nilibana midomo kwa mikono yote miwili ili neno lisitoke. Nilijiuma mpaka damu. Moyoni nikawa nasema, nyesha, nyesha basi, nyesha uniue. Likapita.

Mwinshehe aliingia akakaa ukingoni mwa kitanda. Nilitoka uvunguni nikakaa chini, kichwa nikaegemeza gotini kwake. Zamani angeniwekea mkono kichwani.

"Ulisema?" akauliza.

"Sikusema."

"Hata moyoni?"

Nilimweleza nilichosema moyoni. Akanitazama kama mtu anayepima kitambaa asichokiamini. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza mwenyewe. Kila linapokuja mimi huogopa, na kila ninapoogopa hupita. Sijawahi kuona mara moja tofauti na hivyo mwaka huu. Ningekuwa mimi ni Zuleha, ningefikiri nini?

Jumatano, 20 Aprili

Wamekuja wazee. Jumbe Bwanausi ndiye aliyetangulia, na wenzake watatu. Walikaribishwa barazani, mimi nikaitwa niketi ndani ya mlango nisikie. Jumbe si mtu mbaya. Mwaka jana nilipougua alitoa baiskeli yake nibebwe hadi barabarani. Alianza kwa kuulizana hali na Mwinshehe kwa muda mrefu, ndevu zake za mvi zinatikisika, kisha akasema:

"Mwanangu Mardhiya, hatukuja kukushitaki."

"Nawasikiliza, Babu."

"Hatusemi wewe mchawi. Tunasema hivi: mvua ni kama mgeni. Mgeni akifika akakuta mtu mmoja ndani ya nyumba kajificha, anamwambia nenda, nenda, hata kama wenyeji wengine wote wanamkaribisha, atasikia vibaya. Ataondoka. Sasa tunataka asikute mtu aliyejificha. Likija wingu, utoke. Usimame uwanjani na wenzio, uso wazi, kichwa wazi. Mgeni akuone kwamba humkatai."

Mavyaa alisema, kutoka jikoni, bila kuomba ruhusa ya wanaume: "Mtamuua."

"Hofu haiui, Bi Mwanamvua. Njaa ndiyo inaua. Wiki hii tumezika watoto wawili."

"Mwalimu Mrisho anasemaje?"

"Mwalimu kasema mambo haya si ya dini," akasema Jumbe. "Tumemwambia atuonyeshe ya dini yaliyoleta mvua. Kanyamaza."

Nilimtazama Mwinshehe. Alikuwa anachora mchanga kwa kijiti. Nilimngoja aseme neno lolote, hata la kuahirisha. Akainua kichwa akaniambia kwa sauti ileile ya siku aliyotandika mikeka:

"Ni mara moja tu, Mardhiya."

Alhamisi, 21 Aprili

Anga safi. Nimemwomba Mungu liwe hivi daima, kisha nikamsikia mtoto wa Zuleha akilia, nikaona haya, nikaifuta dua yangu.

Jumamosi, 23 Aprili

Ninaandika Jumatatu, mkono ndiyo kwanza umetulia. Lakini ya Jumamosi niandike mahali pake.

Lilianza kupanda baada ya adhuhuri. Nilikuwa tayari uvunguni. Nilisikia nyayo nyingi uani, hazina haraka. Mwinshehe aliinama akanyoosha mkono, akasema, "Njoo." Sikuweza. Akanivuta kwa kifundo cha mguu, si kwa ukali, kama mtu anavyovuta mzigo asitake kuuvunja. Nilishika mguu wa kitanda. Mavyaa akaanza kumpiga mwanawe mgongoni kwa ngumi, akasukumwa, akaanguka kwenye mtungi.

Walinipeleka palepale tulipoombea dua. Kijiji kizima kilikuwepo. Nilivuliwa kanga ya kichwa. Mwinshehe alinishika mkono wa kulia, mpwa wa Jumbe wa kushoto, wakaninyanyua ili nisipige magoti. Nilifumba macho. Mtu akasema, "Afumbue." Sauti ilikuwa ya Zuleha.

Nilifumbua. Lilikuwa hapo. Siwezi kulieleza zaidi ya hivyo, dresa anisamehe. Lilikuwa jeusi chini na la shaba pembeni, lilikuwa linashuka, na hapakuwa na paa baina yetu. Nilipiga kelele. Sikujua kwamba mtu anaweza kupiga kelele vile na bado akaisikia sauti yake kama ya mwingine. Mkojo ulinitoka mbele za watu. Nilimwita mama yangu aliyekufa. Nilimwita Mwinshehe wakati yeye ndiye aliyenishika. Mbele yangu watu walikuwa kimya, wananitazama mimi, wanatazama juu, wananitazama mimi. Nyuso zao zilikuwa za watu wanaoomba. Mwalimu Mrisho alisimama mbali, kauelekeza uso upande mwingine.

Tone la kwanza liliniangukia mdomoni.

Halafu yote yakaja. Nilisikia mlio mmoja mkubwa, nikadhani ni mbingu, kumbe ni watu. Mikono iliyonishika iliachia. Nilianguka. Watu walikuwa wanaruka, wanacheza matopeni, wanakinga mvua kwa sahani na kofia, na Mwinshehe alikuwa miongoni mwao, mikono kaitandaza, mdomo wazi, anacheka kama mtoto. Alinipita karibu kabisa. Hakuniona.

Aliyekuja ni mavyaa. Alikuwa akichechemea, damu inamtoka gotini. Hakujaribu kuninyanyua. Alinifunika kwa kanga yake, akanilalia juu, mwili wote, mpaka nisione kitu. "Nimekuwa paa," akaniambia sikioni. "Mimi ndiye paa sasa. Tulia." Tulilala hivyo ndani ya tope mpaka wakatukumbuka.

Jumanne, 26 Aprili

Inanyesha. Niko uvunguni, nimeweka kibatari. Uani kuna kuku watatu waliofungwa miguu, mayai ndani ya kikapu, mkungu wa ndizi. Watu wameleta. Mavyaa hataki kuvigusa, wala mimi.

Zuleha alikuja, akapiga magoti mlangoni, akanishika miguu. "Nisamehe shoga. Mtoto amekunywa maji leo." Nikamwambia nimemsamehe. Aliniita tena shoga, na nilikuwa nimelikosa sana neno hilo. Nililia.

Ijumaa, 29 Aprili

Inanyesha. Mpunga umeota bondeni, kijani kitupu, wanasema. Mwinshehe anaimba anaponoa jembe.

Alhamisi, 5 Mei

Mvua imekatika. Kaka Msabaha amekuja na lori la mkaa kutoka Bagamoyo, amesikia habari huko mjini. Aliingia moja kwa moja akaniambia nifunge nguo zangu.

Mwinshehe alimpokea kwa heshima zote, akachinja kuku mmoja katika wale. Walipokwisha kula, kaka akasema, "Shemeji, nimekuja kumchukua dada yangu apumzike nyumbani mpaka masika yaishe."

"Nimekusikia, shemeji. Lakini jambo hili haliko mikononi mwangu tena."

"Liko mikononi mwa nani? Si mkeo?"

"Ni mke wangu. Lakini tazama."

Nje palikuwa na watu. Hawakushika fimbo wala panga. Wanawake na watoto, wazee, wamekaa chini uani na njiani hadi penye lori, na mpwa wa Jumbe ameketi mbele ya gurudumu. Jumbe Bwanausi alimwambia kaka kwa unyenyekevu kwamba mpunga unahitaji mvua hadi utoe masuke, baada ya hapo wao wenyewe watamsindikiza dada yake hadi mlangoni, na zawadi.

Kaka aliongea mpaka sauti ikakauka. Alitaja polisi, alitaja Bwana Shauri wa serikali. Wakamsikiliza vizuri sana. Hakuna aliyesogea. Alasiri dereva akasema anaondoka. Kaka alinikumbatia akaniambia atarudi na askari. Sote wawili tulijua askari atauliza kosa ni lipi.

Jumanne, 10 Mei

Mara ya pili. Sikuvutwa. Niliposikia nyayo nilitoka mwenyewe, maana mavyaa alikuwa amesimama mlangoni na mchi, na goti lake bado halijapona. Mengine ni yaleyale. Ilinyesha mpaka usiku.

Mwalimu Mrisho hakugeuza uso safari hii. Alileta blanketi la kunifunika baadaye. Nadhani alidhani ni wema.

Alhamisi, 12 Mei

Mwinshehe ameingia chumbani akakaa nami. Nimekonda, nywele zinatoka kwa mafungu. Alinishika mkono akaniambia mpunga wake haujawahi kuwa mzuri vile tangu azaliwe.

"Unajua ninachokipata pale uwanjani?" nikamuuliza.

"Najua."

"Hujui."

"Najua, Mardhiya. Ndiyo maana kila mtu anakuheshimu."

Nilimtafuta yule aliyekuwa na vumbi la makuti nywelini. Si kwamba amekufa au amekuwa mbaya. Yuko palepale, ananipenda kuliko zamani, na ananipenda kwa lile linaloniua. Siwezi hata kumchukia. Mtu huhitaji nguvu ili achukie.

Jumapili, 15 Mei

Anga safi toka alfajiri. Zamani niliandika maneno haya na kupumua. Leo nimeamka, nimeona buluu tupu mlangoni, mikono ikafa. Maana likiwa safi leo, na kesho, watasema mpunga unanyauka, watakaa wakitazama upande wa bahari, na likitokea wingu la kwanza watanijia. Sasa naogopa wingu likija, naogopa pia lisipokuja. Nimemwambia mavyaa.

"Basi hofu imekumaliza," akasema.

Jumanne, 17 Mei

Wamekuja watu wa Msata. Wanaume wanne kwa miguu na mmoja wa kuwasemea. Kwao haijanyesha hata baada ya kwetu kunyesha. Wamezungumza na Jumbe, wamezungumza na Mwinshehe. Mimi nilisikia kutoka ndani sauti ya mume wangu ikisema, "Mara moja tu. Na mtamrudisha wenyewe, kwa lori."

Jumamosi, 21 Mei. Msata

Tumefika jana kwa lori la wazi. Mavyaa kaja nami. Hakuomba ruhusa, alifunga kanga zake akapanda, akamwambia Mwinshehe, "Ukihitaji mama, katafute mwingine." Njia nzima alinifunika kichwa kwa mkeka, na anga lilikuwa safi.

Hapa wametupa nyumba bora waliyonayo. Uwanja umefagiwa. Wamepika wali, na ukitazama watoto wao unajua wali huo umetoka wapi. Siwezi kuumeza. Mavyaa amewaita watoto, akawagawia wote.

Leo baada ya sala ya alasiri lilionekana moja, dogo, chini kabisa upande wa mashariki. Nililiona kabla yao. Mavyaa alikwenda kufunga mlango, na hapo akaingia mwanamke wa rika langu, mtoto mgongoni. Kasema anaitwa Mina. Alinisalimu vizuri, akakaa chini karibu yangu. Mtoto hakuwa akilia. Alikuwa amefika mahali ambapo mtoto halii.

"Nisamehe dada, nataka kukuuliza," akasema. "Wametuambia ukija itanyesha. Wengine wanasema umeshazoea sasa, huenda usiogope kama mwanzo, basi isinyeshe. Utaogopa kweli?"

Mavyaa akataka kumfukuza, nikamzuia. Nje watu walikuwa wameanza kukusanyika. Hawana haraka, kama wale wa Fukayosi. Nilimtazama mtoto. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Nitaogopa," nikamwambia. "Usiwe na wasiwasi."